Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Presha na Kazi ya Wikendi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii ni za watu wenye ajira au biashara nyingine, wanaotaka kutumia Jumamosi na Jumapili kuosha pevingi, kuta na nyua za watu kwa mashine ya presha. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatamfaa na mwingine.

Mashine ya baa ngapi?

*Mimi ni mwalimu, naishi Kimara, Dar es Salaam. Nina mtaji wa shilingi milioni moja na nusu. Kariakoo nimeonyeshwa mashine ya umeme iliyoandikwa baa 200 na ya petroli iliyoandikwa baa 250. Nataka nichukue yenye baa nyingi. Mnanishauri nini?*

Mwalimu, anza na lita, baa zifuate. Baa, yaani kipimo cha presha, ndizo zinazobandua uchafu, lakini kinachousukuma uondoke, na kuamua kama uwanja utaisha saa tano asubuhi au saa kumi jioni, ni lita zinazotoka kwa dakika. Kwenye pevingi na zege, mashine inayotoa lita 9 kwa baa 150 itakulipa kuliko inayotoa lita 6 kwa baa 200. Chini ya lita 7 hiyo ni mashine ya kuoshea gari lako na madirisha ya nyumbani. Kwenye uwanja wa mteja utachoka nayo, na mteja atachoka na wewe.

Tena usiamini kibao kilichobandikwa kwenye mashine bila kukipigia hesabu. Chukua lita kwa dakika, zidisha kwa baa, gawanya kwa 600. Jibu ni kilowati za maji yanayotoka. Tuseme hiyo ya umeme ina mota ya kilowati 1.8, na imeandikwa lita 8 na baa 200. Hesabu inakupa kilowati 2.67, wakati maji hayawezi kutoka na nguvu kuliko mota inayoyasukuma. Maana yake ni kwamba hizo baa 200 ni kilele cha presha na hizo lita 8 ni mtiririko wa maji yasiyobanwa, na viwili hivyo havipatikani kwa wakati mmoja. Ukiondoa kinachopotea ndani ya pampu, tegemea kama lita 6 kwa baa 130. Injini ya petroli ya HP 6.5, kwa kazi ya kweli, ni lita 9 kwa baa 170 hivi. Muuzaji akisisitiza kwamba inatoa baa 250 kwa lita zile zile, mwambie aifunge geji mbele yako.

Swali la pili la kumuuliza muuzaji ni la pampu. Mashine za bei ya chini zina pampu ya sahani inayoyumba, na nyingi kati ya hizo hazikutengenezwa zifunguliwe. Ikifa, unanunua nyingine. Pampu ya krenki yenye plunja tatu ni nzito na ghali zaidi, ila fundi anaweza kuifungua akabadilisha sili na valvu. Kama pesa inaruhusu, chukua ya krenki, na kabla hujaondoka dukani hakikisha seti ya sili zake inauzwa papo hapo.

Kwa Dar es Salaam tunakushauri petroli, kwa sababu umeme wa mteja huujui ulivyo na soketi mara nyingi iko mbali na geti. Lakini mashine isile zaidi ya theluthi mbili ya mtaji wako. Kinachobaki kinunue mpira wa presha wa mita 30 (ule wa mita 8 au 10 unaokuja na mashine hautoshi), sahani ya inchi 15 ya kuoshea uwanja, bomba la kunyunyizia dawa la mgongoni, miwani, vizibo vya masikio, buti za mpira na pakiti ya oringi (vipete vya mpira vya kuzuia kuvuja). Unaponunua mpira na bunduki (mshikio wenye triga), beba vile vya zamani mkononi. Maungio ya M22 (yenye nyuzi za milimita 22) yako ya aina mbili, moja ina tundu la milimita 14 na nyingine 15. Kwa nje yanafanana kabisa na nyuzi zinaingiana, ila maji yatavuja kwenye oringi hata ukaze mpaka uvunje.

Mota inanguruma, haizunguki

*Mashine yangu ni ya umeme, kilowati 2.2. Nyumbani inawaka vizuri. Kwa mteja Nyegezi, nikiwa nimevuta waya wa mita 50, ilinguruma tu mara mbili tatu na breka ikaruka. Fundi anasema mota imeungua. Msomaji, Mwanza.*

Kabla ya kumlipa fundi, jaribu tena kwenye soketi ya nyumbani bila waya wa kuongezea. Uwezekano mkubwa ni kwamba mota haina tatizo.

Mota hiyo kwenye volti 230 inakula kama ampea 10 ikishazunguka, lakini wakati wa kuwaka mota za namna hiyo huvuta mara tano au zaidi. Waya wa shaba wa milimita 1.5 wenye urefu wa mita 50 una ukinzani wa karibu omu 1.2, kwenda na kurudi. Ampea 50 zikipita humo, volti 60 zinapotelea njiani. Mota inabaki na volti 170, inashindwa kuzunguka, inaendelea kuvuta ampea za kuwakia, na joto linapanda kwenye koili kila sekunde. Ukirudia kuwasha mara nyingi katika hali hiyo, basi kweli utaiunguza.

Tumia waya wa milimita 2.5, usizidi mita 25, na uukunjue wote kutoka kwenye rola hata kama unahitaji mita tano tu, kwa sababu ukibaki umejiviringa unapata moto. Umbali unaobaki uumalize kwa mpira wa maji, usiumalize kwa waya. Na unapowasha, shika triga ikiwa wazi ili mota isianze kazi ikiwa inasukumana na presha. Hata wenye petroli wafanye hivyo, kwani kamba ngumu isiyovutika mara nyingi ni presha iliyobaki kwenye mpira.

Pale unapochomekea pawe na breka ya RCD ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja. Nyumba nyingi za zamani hazina. Nunua ya kuchomeka, utembee nayo. Miguu yako iko kwenye maji saa zote, na hapo hapana mjadala.

Michirizi kwenye pevingi

*Nimeosha uwanja wa mteja wa pevingi hapa Tanga. Ulipokauka ukaonekana una michirizi kama pundamilia, na mchanga wa katikati ya vitofali umeruka wote. Amekataa kunilipa nusu. Nilikosea wapi?*

Hapa tutakaa kidogo, maana pevingi ndiyo kazi itakayokuletea wateja wengi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na wanaoanza.

Michirizi inatokana na fimbo, lile bomba refu la mbele ya bunduki. Nozeli (vichwa vya kutolea maji) zina rangi kulingana na maji yanavyotawanyika: nyekundu ni digrii 0, njano 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya sabuni. Kwa fimbo na nozeli ya njano, kila mkono unavyopanda na kushuka sentimita chache, nguvu inayofika chini inabadilika, na jicho linaona. Nyekundu usiitumie kwenye pevingi wala zege hata kidogo, inachonga. Uwanja unaoshwa kwa sahani, ile ya duara yenye mkono unaozunguka ndani na nozeli mbili, kwa sababu urefu kutoka chini haubadiliki. Fimbo inabaki ya kona na kingo tu, kwa nozeli ya kijani, sentimita 30 kutoka chini, ukiilaza isichimbe wima kwenye viungo.

Kama ulitumia sahani na bado michirizi ipo, igeuze utazame nozeli zake. Moja ikiziba, mkono unazunguka kwa kuyumba na kuacha alama za duara. Au saizi siyo yake. Nozeli ina namba ya saizi pamoja na ya digrii. Kwa mashine ya lita 9, saizi 3 inakupa karibu baa 170. Ukifunga saizi 4, presha inashuka chini ya baa 100, mashine ikiwa nzima kabisa. Sahani ina nozeli mbili, hivyo kila moja iwe nusu, yaani saizi 1.5. Sahani nyingi zinauzwa zikiwa na nozeli za mashine kubwa, na mwenye mashine ndogo anadhani amepigwa kwenye mashine, kumbe ni vipande viwili vya shaba vya kubadilisha.

Sasa kazi yenyewe. Fagia, ng'oa majani yaliyoota kwenye viungo, kisha nyunyiza dawa ya klorini (kipimo kiko kwenye swali linalofuata) na subiri dakika 10 hadi 15. Sukuma sahani kwa mwendo wa kutembea pole pole, kila mstari ukipanda juu ya uliotangulia kwa theluthi moja. Ukiona nyuma yako kuna giza giza, umekwenda haraka kuliko lita zako. Suuza kwa nozeli nyeupe kutoka juu kuelekea kwenye mfereji. Mahali palipobaki na michirizi hafifu ya kijani, nyunyiza dawa tena kwa wepesi na uache. Kuvu iliyosalia kwenye vitundu itakufa na rangi itasawazika yenyewe. Mchirizi uliochongwa kwenye zege hautoki tena.

Mchanga wa viungo utatoka kiasi hata ufanye kwa uangalifu namna gani, kwa hiyo kuurudisha ni sehemu ya kazi na uuweke kwenye bei. Uwanja ukikauka kabisa, siku moja au mbili, mwaga mchanga laini mkavu uliochekechwa, fagia kwa mshazari mpaka viungo vijae. Mchanga mbichi hauingii, unakaa juu. Viungo vikiachwa wazi vitofali vinaanza kucheza gari likipita, na hilo mteja atakukumbuka nalo.

Kwa mteja wako wa Tanga, rudi na dawa na mchanga. Nusu iliyobaki ina nafasi ya kupatikana.

Dawa kiasi gani?

*Natumia maji matupu na ukijani unarudi baada ya mvua chache. Jirani ananiambia nichanganye Jik na ile dawa ya kuondoa kutu ya choo iwe kali. Dada, Bukoba.*

Dada, usichanganye. Dawa za klorini, Jik ikiwamo, zikikutana na tindikali, na dawa nyingi za kuondoa kutu chooni ni tindikali, zinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Watu wamekufa hivyo wakisafisha bafu. Amonia nayo usiikutanishe na klorini. Bomba la klorini liwe la klorini tu, liandikwe kwa rangi, na lisiwe lililowahi kubeba dawa ya magugu.

Ukijani unarudi kwa sababu presha inakata kuvu kwa juu na kuacha nyingine hai kwenye vitundu vya zege. Klorini ndiyo inayoiua, presha inaondoa mabaki. Ukilielewa hilo utaacha kupandisha baa kila doa linapokataa.

Kwa pevingi na zege lengo ni klorini ya asilimia 1. Dawa ya dukani yenye asilimia 3.5, kwa bomba la mgongoni la lita 16, weka lita 4 na nusu kisha jaza maji. Bomba moja linatosha mita 80 za mraba hivi. Kwa ukuta wenye rangi punguza nusu, lita 2 na robo kwa bomba. Soma asilimia kwenye chupa kwanza, na usinunue iliyoanikwa juani mlangoni mwa duka, kwani klorini hupungua nguvu kwa joto na kwa kukaa.

Fanya asubuhi. Jua likiwa kali dawa inakauka kabla haijafanya kazi na kuacha weupe. Loweka maua na majani ya mteja kwa maji ya kawaida kabla ya dawa na uyasuuze tena baadaye. Funika bwawa la samaki. Ng'ombe na kuku wahamishwe. Na dawa isipite kwenye pampu ya mashine, itakula sili na oringi.

Doa la oili ya gari halisikii klorini. Hilo mwagia maranda usiku mmoja yanyonye, kisha sabuni kali ya kuondoa grisi, sugua kwa brashi ngumu, ndipo presha. Doa la zamani litafifia tu. Mwambie mteja hivyo kabla ya kuanza.

Presha inapanda na kushuka

*Mashine ya petroli, miezi minne tangu ninunue. Maji yanatoka kwa kushtuka shtuka na pampu inagonga. Msomaji, Morogoro.*

Pampu inakula hewa au inakosa maji. Fuata mpangilio huu, wa bure uje kwanza.

Toa nozeli, washa. Maji yakitoka sawasawa bila nozeli, nozeli ndiyo imeziba. Ipitishe waya mwembamba na uisuuze kwa nyuma. Yakiendelea kushtuka, pima maji yanayoingia: mpira wa bomba ujaze ndoo ya lita 20. Mashine ya lita 9 inataka akiba juu ya kile inachokula, hivyo ndoo ijae ndani ya dakika moja na nusu. Ikichukua dakika mbili na nusu, hiyo ni lita 8 kwa dakika na pampu ina njaa. Dawa yake ni simtanki katikati, iwe juu kuliko mashine, na mpira wa robo tatu inchi. Kisha fungua chujio la kuingizia maji, huenda limejaa mchanga. Kisha oringi na klipu za upande wa kuingizia. Hapo maji hayavuji kwenda nje, hewa ndiyo inavutwa kwenda ndani, kwa hiyo hutaona tone. Paka maji ya sabuni kwenye maungio, injini ikiwa inaunguruma, utaona povu linavyofyonzwa.

Vyote vikiwa sawa, mchanga umekaa kwenye valvu za pampu. Pampu ya plunja tatu ina sita, tatu za kuingiza na tatu za kutoa. Zinafunguliwa kwa spana, zinasafishwa, zinarudi. Tazama pia kioo cha oili ya pampu. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamevuka sili. Simamisha kazi.

Kuna kosa linaloua pampu kuliko yote: kuachia triga na kwenda kuzungumza na mteja, mashine ikiwa inawaka. Valvu ya anloda inarudisha maji ndani ya pampu, yale yale yanazunguka na kuchemka, na sili zinaiva. Ukiacha triga zaidi ya dakika mbili, zima.

Paa la kanisa

*Tumeombwa kuosha paa la kanisa la zamani karibu na Moshi. Mabati yake ni ya kijivu, mazito, yana mawimbi makubwa na yamejaa kuvu. Tutumie baa ngapi?*

Msiyaguse. Maelezo yenu yanafanana na karatasi za asbesto, zilizotumika sana kwenye majengo ya zamani. Presha inavunja uso wake na kutawanya nyuzi zinazosababisha saratani ya mapafu, na nyuzi hizo zitaingia kwenu, kwa waumini na kwa jirani. Mwambieni mwenye jengo awaite wataalamu wa afya na mazingira wa halmashauri. Kazi ya namna hiyo ikataeni hata ilipwe vipi.

Kwa mabati ya rangi ya kawaida, klorini nyepesi na maji ya presha ndogo yanatosha, mkielekeza maji kushuka, kamwe yasipande chini ya mwingiliano wa bati. Vigae vyenye chembe za mawe vinapoteza chembe kwa presha. Na paneli za sola ni brashi laini na maji ya mpira wa kawaida.

Nichaji kiasi gani?

*Watu wa hapa Kigamboni wanachaji shilingi 1,000 kwa mita ya mraba. Nami nifuate hiyo?*

Fuata hesabu yako. Chukua uwanja wa mita 120 za mraba. Kwa sahani ya inchi 15 na lita 9, uwanja mchafu unakwenda kama mita 40 kwa saa, basi saa tatu za mashine, na saa nyingine mbili au tatu za kufagia, dawa, kusuuza na kufunga vitu. Injini ya HP 6.5 inakunywa kama lita moja na nusu kwa saa, tuseme lita 5 kwa 3,000, ni 15,000. Dawa ya mita 120 ni lita 7, tuiweke 25,000. Kirikuu (pikapu ndogo) kwenda na kurudi 25,000. Msaidizi 20,000. Mchanga 6,000. Mashine na vifaa vya milioni 1.2, ukivikadiria saa 400 za kazi, vinajilipa 3,000 kwa saa, hivyo 9,000. Jumla ni 100,000.

Kwa 1,000 kwa mita unapokea 120,000. Jumamosi yako yote imeuzwa kwa 20,000. Kwa 1,500 unapokea 180,000 na unabaki na 80,000. Badilisha bei hizi kwa za kwako, hasa ya petroli, ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo yake kila mwezi. Kiasi cha mashine wengi hukisahau, kisha siku pampu inapokufa hakuna pesa. Kitoe kila kazi na ukiweke mbali.

Uwe na bei ya chini kabisa ya kutoka nyumbani, kwa sababu usafiri wa uwanja wa mita 20 ni ule ule wa mita 120. Uliza maji mapema: saa tatu za triga ni lita 1,600, na kusuuza kunafikisha 2,000. Kama maji ya bomba yana mgao mtaani kwake na tanki lake ni la lita 1,000, boza la maji ni gharama ya nani? Mkubaliane kwa simu, siyo getini. Piga picha za nyufa, rangi iliyobanduka na vitofali vilivyovunjika kabla hujawasha, umtumie mteja hapo hapo.

Ni kweli maji yanaweza kuingia mwilini?

*Msomaji, Arusha.*

Ni kweli. Maji ya presha yanatoboa ngozi na kusukuma uchafu ndani ya nyama. Tundu linaonekana dogo kama la sindano, maumivu yanaweza kuwa madogo mwanzoni, na mtu anafunga kitambaa anaendelea na kazi. Ndani ya saa chache mkono unavimba, na kidole kinaweza kupotea. Aende hospitali mara moja, hata kama anajisikia vizuri, na amwambie daktari wazi kwamba ni jeraha la maji ya presha kubwa, kwa sababu linahitaji kutazamwa na daktari wa upasuaji. Kwa hiyo usijaribu presha kwa kiganja, usioshe buti zikiwa mguuni, na funga kufuli ya triga kila unapobadilisha nozeli. Mashine ya petroli isiwake ndani ya gereji au chumba, moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukushtua.

Vibali

*Biashara ya siku mbili kwa wiki nayo inahitaji leseni?*

Inahitaji. Tanzania, TIN (namba ya mlipakodi) kutoka TRA inatolewa bure, leseni iko halmashauri, na jina la biashara linasajiliwa BRELA. Kenya ni PIN ya KRA na kibali cha kaunti. Kazi za maofisi na mahoteli zitakudai stakabadhi: mashine ya EFD (ya kutolea risiti) Tanzania, ankara ya kielektroniki ya eTIMS Kenya. Kwa kazi za majumbani pekee utaanza bila presha hiyo, lakini TIN usiichelewe.

Maji ya kisima yana chumvi

*Hamjambo wahariri. Niko Bamburi, Mombasa, na wateja wangu wengi wana visima vya maji ya chumvi. Yataharibu mashine?*

Hatujambo, ndugu. Yataila, hasa kichwa cha pampu kikiwa cha alumini. Cha shaba kinavumilia zaidi. Tembea na dumu la lita 20 la maji baridi yasiyo na chumvi, na mwisho wa kazi, kabla ya kufunga, mashine iyanywe yote. Kwa lita 9 ni dakika mbili tu. Bunduki, fimbo na sahani visuuzwe humo humo.

Kwenye nyumba, maji ya chumvi yanaacha madoa kwenye vioo na fremu za alumini, hivyo suuza ya mwisho ya sehemu hizo iwe ya maji matamu. Ule unga mweupe unaotoka kwenye kuta na pevingi ni chumvi inayopanda kutoka ndani. Ukiupiga kwa presha, hasa kwa maji ya kisima, unatoweka leo na wiki ijayo umeongezeka. Ufagie kwa brashi kavu, na mwenye nyumba ashughulikie unyevu unakotoka.

Kutoka Jumapili hadi Jumamosi

*Mashine yangu inakataa kuwaka kila Jumamosi asubuhi. Msomaji, Mbagala.*

Petroli inachakaa kwenye kabureta ikikaa, inaacha ulimbo unaoziba jeti. Jumapili, kazi ikiisha, funga koki ya mafuta huku maji bado yanapita kwenye pampu, uiache injini ijizimie yenyewe. Funga maji, bonyeza triga presha yote itoke, chomoa mpira, vuta kamba mara mbili tatu taratibu ili pampu iteme maji yaliyobaki. Mpira uuviringe kwa duara pana, usiukunje.

Oili ya injini mpya imwagwe baada ya saa 20 za kwanza, halafu kila saa 100. Inaingia kama lita 0.6. Ya pampu ya krenki ni baada ya saa 50 za kwanza, kisha kila saa 500, kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Kwa kazi ya wikendi saa 20 zinafika ndani ya mwezi mmoja au miwili, kwa hiyo andika saa za kila kazi kwa kalamu ya wino mzito kwenye tanki la mafuta.